Batri ya gari inakufa kila mara: tupime kwanza, tununue nyuma



Wengi wenu munajua asubuhi ya namna hii. Bado giza, kamiyo imejaa tomati tangu jana jioni, wamama wa soko wanangoja mjini. Shofere anazungusha ufunguo: tak, tak, kisha kimya. Mtu mmoja nyuma anasema, "Batri ilishakufa tena." Vijana wanashuka kusukuma. Kama kamiyo imesimama fasi ya mteremko, tunashukuru Mungu. Kama iko fasi ya tambarare na mizigo juu, soko ya siku ile imepotea.

Katika kooperative moja ya bonde la Ruzizi jambo hilo lilirudia mpaka kamati ikanunua batri mbili mpya ndani ya mwaka mmoja. Batri ya pili nayo ikaanza kufa sawa ya kwanza. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema muuzaji aliwadanganya. Wengine walisema shofere anatoa batri nzuri usiku na kuweka mbovu. Shofere, mzee mwenye watoto na heshima yake, alitaka kurudisha ufunguo na kwenda zake. Sisi tulifika pale juu ya kazi nyingine, kazi ya mbegu. Mama prezida alituambia: "Mutusaidie kwanza na hii gari. Mambo ya mbegu tutaongea nyuma."

Mwisho wa habari ile tutawapa hapa chini. Lakini somo lake tunaweza kulisema tangu sasa: batri inayokufa si lazima iwe batri mbaya. Batri ni fasi ugonjwa unaonekana. Mara mingi ugonjwa wenyewe uko fasi ingine. Na kuutafuta hakuhitaji garaje kubwa. Kunahitaji macho, mikono, na mulitimetre ndogo, ile inauzwaka na wauzaji wa vitu vya umeme. Bei yake ni kidogo sana mbele ya bei ya batri moja. Kila kooperative yenye gari, trakta au mashini ya kusaga inayowaka na batri inapashwa kuwa nayo.

Batri ni sawa na depo

Fikirieni depo yetu ya mavuno. Mukifungua mlango na kukuta depo tupu, sababu zinaweza kuwa nne. Ya kwanza: hakuna anayeleta mavuno. Ya pili: mavuno yapo, lakini barabara imekatika, hayafiki. Ya tatu: kuna mwizi anayetoa usiku. Ya ine: depo yenyewe imezeeka, paa inavuja, kinachoingia kinaoza.

Batri iko vile vile. Anayeleta ni dinamo, ile mafundi wengine wanaitaka alternateri: wakati moteri inazunguka, yeye anarudisha moto ndani ya batri. Barabara ni waya na kose, vile vishikio vinavyobana vichwa vya batri. Mwizi ni kitu chochote kinachokula umeme wakati gari imelala. Na depo iliyozeeka ni batri yenyewe iliyochoka.

Mtu akinunua batri mpya bila kujua ni sababu gani kati ya hizo ine, anafanya sawa mtu anayejenga depo mpya wakati mwizi bado ana ufunguo.

Maswali ya kumuuliza shofere

Mbele ya kufungua kapo, tuketi na shofere, tumuulize polepole, bila kumshitaki. Majibu yake yanaweza kutuonyesha njia kabla ya chombo chochote.

Batri inakufa wakati gani? Kama inakufa kisha gari kulala siku mbili au tatu, lakini kila siku ya kazi inawaka vizuri, fikiria mwizi wa usiku. Kama inakufa hata siku gari imetembea kutwa nzima, fikiria dinamo. Kama leo inawaka, kesho inakataa, kesho kutwa inawaka tena bila mpango, fikiria waya na kose.

Taa zinafanya nini wakati wa kuzungusha ufunguo? Taa zikiwa hafifu na kuzimika kabisa, batri haina moto, au kose haishiki. Taa zikibaki na nguvu yake na demareri inapiga tak moja tu, batri pengine iko na moto. Tatizo liko ku demareri au ku waya zake.

Batri ina umri gani? Batri nyingi za gari zinaishi miaka 3 mpaka 5. Fasi za joto, sawa bonde la Ruzizi na Uvira, zinazeeka upesi kuliko milimani, juu ya joto linaharibu batri kutoka ndani. Barabara zetu nazo zinahesabika: mutikisiko unaangusha dawa ya ndani ya batri na kuvunja bamba zake za risasi.

Nini kiliongezwa au kubadilishwa juu ya gari kabla tatizo halijaanza? Redio, klakisoni kubwa, taa za kazi, dinamo ya okazyo? Swali hili watu wanalisahau, na ndilo linafunguaka mlango mara mingi.

Macho na mikono kwanza

Zima moteri, toa ufunguo, fungua kapo. Usivute sigara na usilete moto wa koroboi pale. Batri inayoingia moto inatoa gazi ya hidrojeni, na gazi hiyo inalipuka.

Shika kila kose na mkono, jaribu kuizungusha. Kama inacheza, hapo munaweza kuwa tayari mumepata ugonjwa. Angalia kama kuna unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa. Unga ule unazuia umeme kupita. Fungua kose, anza na ile ya masi, yenye alama ya −, kisha ile ya +. Osha na maji yenye bikarbonati, sugua na brashi ya chuma mpaka risasi ing'ae, suuza, kausha, rudisha: safari hii + kwanza, − ya mwisho. Kaza, kisha paka vazelini juu. Sababu ya mpango huo ni hii: kama − imetoka, ufunguo wa fundi ukigusa bodi ya gari hauwezi kuleta cheche.

Fuata waya wa masi mpaka fasi unafungwa ku moteri au ku shasi. Mwisho ule wa chini unasahauliwa kila mara, na kutu inaula kimya kimya.

Angalia tumbo la batri: kama limevimba au limepasuka, batri ile ilishamaliza. Kama ina vifuniko, vifungue na uangalie maji. Bamba zote zinapashwa kufunikwa, maji yakizidi kama santimetre moja juu yake. Kama yamepunguka, ongeza maji ya distile peke yake. Maji ya kisima, ya mto au ya robine yana chumvi za udongo zinazoharibu bamba. Na usiongeze asidi: katika batri maji ndiyo yanapotea, asidi inabaki.

Tena, batri inapashwa kufungwa vizuri na chuma yake. Kipande cha mpira wa tairi chini yake kinasaidia kupunguza mutikisiko.

Mwisho, bonyeza mukaba wa dinamo na kidole gumba katikati ya magurudumu mawili. Ukishuka kama santimetre moja, ni sawa. Ukishuka sana, au uking'aa na kupasuka, unateleza, na dinamo haizunguki vizuri.

Kupima batri ikiwa imepumzika

Acha gari isimame masaa kadhaa, vizuri zaidi usiku mzima. Weka mulitimetre ku volti za batri (alama ya V yenye mustari mnyoofu, 20). Waya mwekundu ku +, mweusi ku −. Soma:

- 12,6 au zaidi kidogo: batri imejaa.
- 12,4: imebaki robo tatu.
- 12,2: nusu.
- 12,0: robo.
- Chini ya 11,9: tupu.
- Karibu 10,5 hata kisha kusharjiwa: chumba kimoja kimekufa.

Ile ya mwisho inaelezeka hivi. Ndani ya batri kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa karibu volti 2,1. Kimoja kikikufa, volti mbili zinatoweka, na hazitarudi.

Munaona pia kwamba kati ya batri iliyojaa na batri tupu kuna tofauti ya volti moja kasoro. Ndiyo sababu kusema "iko na volti 12, iko bien" ni kosa. Batri yenye 12,0 imebaki na robo tu.

Kama batri ina vifuniko na fundi wa karibu ana peze-asidi, ile bomba ya kioo yenye kibuyu cha mpira, mumuombe apime chumba kwa chumba. Batri iliyojaa inaonyesha 1,26 mpaka 1,28. Vyumba vyote vikiwa chini lakini sawa sawa, batri ina njaa tu, isharjiwe. Chumba kimoja kikiwa mbali na vingine, tofauti ya 0,05 au zaidi, batri ni mgonjwa yenyewe.

Kupima wakati wa kuwasha

Batri inaweza kuonyesha 12,6 na bado isiwe na nguvu. Ni sawa gunia iliyojaa maganda: kwa macho imejaa, lakini ukiibeba haina uzito. Ndiyo maana tunaipima ikiwa ku kazi.

Batri iwe imejaa kwanza. Mtu mmoja aangalie mulitimetre, mwingine azungushe ufunguo. Demareri ikizunguka, volti zitashuka. Zikibaki 10 au zaidi, batri ni nzima. Zikianguka chini ya 9,6, batri imechoka. Zikifika 7 au 8 na moteri inazunguka kwa taabu, tafuta feza ya batri mpya. Hapo kweli ni batri.

Lakini kama demareri inakataa, na mulitimetre inabaki 12 bila kushuka, umeme hautoki ku batri. Weka ncha moja juu ya kichwa chenyewe cha risasi, ingine juu ya kose inayokishika, na mwenzako azungushe ufunguo. Inapashwa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, kose ile ni chafu au legevu, hata kama inaonekana safi.

Kupima dinamo

Sasa washa moteri. Pima tena fasi ile ile, ku vichwa vya batri. Ongeza mwendo wa moteri kidogo.

Ikisoma kati ya 13,8 na 14,6, dinamo inafanya kazi yake. Washa taa kubwa: isishuke chini ya 13,5. Kama inasoma 12,5 na kuendelea kushuka polepole, hakuna kinachoingia. Gari inakula akiba. Kama inapita 15, regilateri imeharibika: maji ya batri yatakauka, utasikia harufu ya mayai yaliyooza, na batri itakufa juu ya kushiba kupita kiasi.

Angalia pia taa nyekundu ndogo yenye picha ya batri mbele ya shofere. Ukifungua kontakti bila kuwasha moteri, inapashwa kuwaka. Moteri ikiwaka, inapashwa kuzimika. Kama haiwaki hata kidogo, usifurahi: ku magari mengi dinamo inaamshwa na umeme unaopita mu taa ile. Ampuli yake ikiungua, dinamo inaweza kubaki imelala. Ampuli ndogo, hasara kubwa.

Onyo moja. Kuna mafundi wanaojaribu dinamo hivi: moteri ikizunguka, wanatoa waya wa batri. Kama moteri haizimike, wanasema dinamo iko muzuri. Tafadhali musiwaruhusu. Bila batri, volti za dinamo zinaruka juu sana mara moja, na zinaunguza diodi, regilateri, na vyombo vya elektroniki vya magari ya kisasa.

Kutafuta mwizi wa usiku

Kama batri ni nzima, kose ni safi, dinamo inaleta, na bado asubuhi batri ni tupu, kuna mwizi. Tumkamate hivi.

1. Zima moteri, toa ufunguo, zima kila kitu, funga milango.
2. Fungua kose ya masi (−).
3. Weka mulitimetre ku ampere, na waya mwekundu uhamishwe ku tundu la 10 A.
4. Gusa ncha moja ku kose iliyotoka, ingine ku kichwa − cha batri. Umeme wote sasa unapita ndani ya mulitimetre. Usiwashe gari wala usifungue kontakti wakati huo, utaunguza chombo.
5. Ku gari ya kisasa ngoja nusu saa ili vyombo vyake vilale. Kisha soma.

Chini ya 0,05 ni kawaida: saa na kumbukumbu ya redio. Zaidi ya hapo, kuna kitu kinakula. Toa fizibule moja, angalia namba. Kama haijashuka, rudisha, toa ya pili. Fizibule ile inayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi. Mara mingi utakuta taa ya ndani au ya sanduku isiyozimika, rele iliyogandamana, redio iliyofungwa moja kwa moja ku batri, au waya uliochunika na kugusa bodi.

Kama hamuna mulitimetre, tumia ampuli ndogo ya gari ya wati 5, iwe ya volti sawa na gari yenyewe. Iweke kati ya kose ya masi na kichwa −. Ikiwaka wazi wazi, mwizi yuko ndani. Isipowaka, bado mwizi mdogo anaweza kuwa amejificha, lakini yule mkubwa hayupo.

Musidharau mwizi mdogo. Ampuli ya wati 5 inakula karibu ampere 0,4. Kwa masaa 24 hiyo ni karibu ampere-saa 10. Batri ya 70 inapungua nusu ndani ya siku tatu na kitu.

Jibu la kule Ruzizi

Turudi sasa kwa mama prezida. Tulipomuuliza shofere batri inakufa lini, alifikiri kidogo, akasema: "Inakufaka jumatatu. Siku zingine inawaka." Kamati ilikuwa haijamuuliza swali lile. Gari ilikuwa inasimama jumamosi saa sita za mchana na kungoja mpaka jumatatu saa kumi za alfajiri, juu ya jumapili watu wote wanaenda kusali. Masaa 40.

Tukapima. Batri iliyosharjiwa: nzima. Wakati wa kuwasha: nzima. Dinamo ilikuwa inaleta, ingawa si kwa nguvu sana: 13,6. Tukaweka mulitimetre ku ampere, ikasoma 1,5. Tukatoa fizibule zote moja moja, namba haikutikisika. Hapo shofere mwenyewe akasema: "Dinamo hii inakuwaka na joto asubuhi, hata gari ikilala." Tulitoa waya mnene wa dinamo, batri ikiwa imefunguliwa kwanza, na kupima tena. Namba ilishuka mpaka karibu na sifuri.

Ndani ya dinamo kuna diodi, sawa mlango wa njia moja: umeme utoke ku dinamo kwenda ku batri, usirudi. Diodi moja ilikuwa imeharibika, mlango ukabaki wazi, na usiku batri ilimwaga moto wake ndani ya dinamo. Hesabu yenyewe: ampere 1,5 mara masaa 40 ni 60. Batri ile ilikuwa ya 90. Usiku wa kawaida, masaa 12, ilipoteza 18 tu, na gari iliwaka. Jumatatu ilikuwa imepoteza theluthi mbili. Hakuna aliyeiba batri, na muuzaji hakudanganya mtu. Dinamo ile ilikuwa ya okazyo, na ilifungwa wiki chache kabla ya batri ya kwanza kufa. Fundi wa mjini alibadilisha diodi, na batri ile ya pili ikaendelea na kazi.

Mama prezida aliita mkutano. Mbele ya wanamemba wote alimwambia shofere: "Papa, tulikukosea. Utusamehe." Mzee akajibu kwamba ufunguo bado anao mfukoni. Batri ya kwanza, ile waliyoitupa kama mbovu, ilikuwa imebaki tupu miezi mingi nyuma ya depo. Tuliisharji siku nzima, haikukubali tena. Batri ya risasi ikiachwa tupu, bamba zake zinaota ganda gumu la salfati, na haifufuki. Ilikuwa nzima siku waliyoitoa. Kungoja ndiko kuliiua.

Kamiyo za volti 24

Kamiyo nyingi kubwa zina batri mbili zilizofungwa kwa kufuatana, jumla volti 24. Vipimo ni vile vile mara mbili: zikijaa 25,2 au zaidi, moteri ikizunguka 27,6 mpaka 29. Lakini pimeni pia kila batri peke yake. Zikitofautiana, kuna sababu, na mara mingi sababu ni redio ya volti 12 au sharja ya simu iliyofungwa juu ya batri moja tu. Ile moja inapungua kila siku, na mwenzake anashibishwa kupita kiasi. Mwisho zote mbili zinakufa. Tumieni kipunguza-volti kinachotoa 12 kutoka 24. Na wakati wa kubadilisha, badilisheni zote mbili pamoja, za namna moja na umri mmoja.

Desturi zinazoua batri zetu

Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Haikutengenezwa kutumika polepole mpaka kuisha. Ndiyo sababu kuitoa usiku ili kuangaza nyumba, kupiga muziki ku sikukuu au kusharji simu ishirini kunaiua, hata kama asubuhi inarudishwa. Kwa umeme wa jua, tafuteni batri za kazi ile.

Kati ya misimu, gari ikilala wiki mingi, fungueni kose ya masi, na musharji batri mara moja kwa mwezi. Batri inapungua yenyewe hata bila mwizi, zaidi fasi ya joto.

Mukiwasha na batri ya gari ingine yenye volti sawa, fungeni + kwa +, kisha − ya batri nzima ku chuma cha moteri ya gari iliyokufa, mbali na batri yake. Na kisha kuwaka, musifikiri robo saa ya mwendo itaijaza. Batri iliyokwisha kabisa inahitaji masaa mingi ya sharja.

Batri ya zamani ni sumu

Asidi inaunguza ngozi na macho. Ikigusa mtu, maji mingi safi, mara moja, kwa muda mrefu. Risasi haionyeshi jeraha, lakini inaharibu ubongo wa watoto. Ku Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa karibu na Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, juu ya kazi ya kuvunja batri za zamani kati ya nyumba za watu. Tusivunje batri nyumbani, tusiyeyushe risasi ku moto wa jikoni, tusimwage asidi ku shamba wala ku mto. Iwekwe juu ya ubao, fasi kavu, mbali na watoto na chakula, mpaka ikabidhiwe kwa mnunuzi anayeichukua nzima.

Kaye ya gari

Mwisho, tunaomba kila kamati inunue kaye moja na kuiacha ndani ya gari. Shofere aandike: tarehe batri ilinunuliwa, namba yake, siku iliyokataa kuwaka na gari ilikuwa imelala masaa mangapi, kitu kilichobadilishwa na fundi. Mara moja kwa mwezi, mutunza feza na shofere wapime pamoja: volti kisha usiku, volti moteri ikizunguka. Namba mbili, dakika tano, sahihi mbili.

Kaye ile italinda sanduku la kooperative, na shofere pia. Siku batri itakataa tena, mutafungua kaye pamoja na kusoma, badala ya kuangaliana kwa macho mabaya. Mulete kaye zenu ku mkutano ujao wa kooperative. Tutakuja na mulitimetre, tupime gari moja mbele ya wote.